Presha ya bro mara juu mara chini tangu avunjike uti wa mgongo, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, bro wangu alipata ajali ya bodaboda mwaka jana, kuanzia kifuani kushuka hana hisia. Presha yake ya siku zote ni 90/60, asubuhi tukimkalisha tu kwenye kiti cha magurudumu anaona giza, mara mbili kazimia kabisa. Sasa juzi usiku ikapaa 180/110, kichwa kinamgonga, jasho usoni tu huku miguu mikavu, kumbe mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja!! Tukamkalisha tukaunyoosha, ikashuka yenyewe. Zahanati wanataka ameze dawa za presha kila siku, mi nasita, si ndo atazimia zaidi? Wenye wagonjwa kama huyu asubuhi mnafanyaje, mnafunga bandeji miguuni na tumboni? Na choo kikigoma nacho kinapandisha?