Apple 2005: kwa nini Intel, si IBM wala AMD?

Kibodi: Wakuu, tulinganishe. Juni 2005 Apple ilitangaza kuachana na chipu za PowerPC za IBM na Freescale na kuhamia Intel. Lakini mwaka huohuo chipu ya mezani ya AMD, Athlon 64 X2, ilikuwa inaiacha mbali Pentium D ya Intel, tena ikila umeme kidogo. Kama walitaka kasi, AMD walikosa nini?

Mtambo: Mkuu, tazama laptopu, usitazame kompyuta za mezani. Mwaka 2003 Steve Jobs, bosi wa Apple, aliahidi Power Mac G5 (kompyuta ya mezani yenye chipu ya PowerPC G5) ya GHz 3 ndani ya miezi 12. Miaka miwili baadaye ilikuwa imefika 2.7 tu, na hiyo ilipozwa kwa kimiminika! Utaiwekaje kwenye laptopu? Ndiyo maana PowerBook, laptopu ya Apple, ilibaki na chipu ya zamani, G4, mpaka mwisho. Jobs alipotangaza uamuzi alilinganisha kazi kwa kila wati: chipu zijazo za Intel 70, PowerPC 15.

Pwani_Tech: Hiyo 70 kwa 15 ni hesabu ya jukwaani, siitegemei sana. Kwangu mimi uzito uko kwa IBM yenyewe. Chipu zake zilikuwa zinaingia kwenye mashine za michezo: Xbox 360, PlayStation 3 na Wii. Apple mwaka ule iliuza Mac milioni 4.5 hivi. Nani atagharamia kubuni chipu ya laptopu kwa mteja wa kiasi hicho?

Kibodi: Ya IBM nimekubali. AMD je? Chipu yao ya laptopu, Turion 64, ilikuwepo tayari.

Mtambo: Ilikuwepo, ila ya kore moja (kore ni sehemu ya chipu inayofanya hesabu). Turion ya kore mbili ilitoka Mei 2006. Core Duo ya Intel, kore mbili kwa nanomita 65 (kipimo cha teknolojia ya kutengeneza chipu; kidogo ndiyo kipya), ilitoka Januari mwaka huohuo, na mwezi huohuo Apple ikaonyesha iMac na MacBook Pro. AMD ilifika nanomita 65 Desemba. Juu ya hapo Intel ilikuwa na viwanda vingi zaidi. Mtengenezaji wa kompyuta akiishiwa chipu msimu wa mauzo, kasi ya kwenye karatasi haimsaidii.

Salma_IT: Naungana na Mtambo. Na Intel nayo ilikuja kuachwa kwa sababu ileile: nanomita 10 zilichelewa miaka, laptopu zikawa za moto. Apple ilikuwa imeinunua P.A. Semi, kampuni ya kubuni chipu, tangu 2008, ikajenga timu yake ya kubuni chipu, na Novemba 2020 ikatoa chipu yake ya M1, iliyotengenezwa na TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, kwa nanomita 5. MacBook Air ya M1 haina hata feni.