Uchaguzi wa Ujerumani 1907: acheni kutuambia raia wao hawakujua

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha. Kila ikifunguliwa mada ya Majimaji humu, lazima atokee mtu aseme yale yalikuwa ya von Götzen, gavana wa Kijerumani aliyetutawala, na maofisa wake, mwananchi wa kawaida kule Ujerumani hakujua lolote. Nani kawadanganya? Mwananchi yule aliulizwa kwa kura, na akajibu.

Desemba 13, 1906, bunge la Berlin liligoma kuidhinisha marki milioni 29 za nyongeza kwa vita ya Namibia. Waliogoma ni Zentrum, chama cha Wakatoliki, pamoja na wasoshalisti wa SPD. Siku hiyohiyo Kansela Bernhard von Bülow akalivunja bunge. Ndiyo, fedha zenyewe zilikuwa za Namibia, lakini kilichopelekwa kwa wapiga kura ni utawala wa makoloni yote, na huku kusini mwetu vita ilikuwa haijaisha.

Na siri ilikuwa ipi? Amri ya Jenerali von Trotha ya kuwaangamiza Waherero wa Namibia ilitoka Oktoba 1904. Mwaka 1906 Matthias Erzberger wa Zentrum aliyaanika maovu ya makoloni mbele ya bunge, magazeti yakaandika. Kampeni ikaja, wenye kupinga wakaitwa maadui wa taifa, na Flottenverein, chama cha kushabikia manowari, kikazunguka kuipigia debe serikali. Januari 25, 1907, karibu asilimia 85 ya wapiga kura walijitokeza, kutoka 76 hivi mwaka 1903. Walioongezeka wengi waliwafuata watu wa Bülow.

Hapo napo kuna dhuluma nyingine. SPD ilipata kura zaidi ya milioni 3.2, nyingi kuliko 1903, kama asilimia 29 ya kura zote. Viti vikashuka kutoka 81 hadi 43, katika bunge la viti 397! Wahafidhina wa Kijerumani kwa asilimia 9 tu wakachukua 60. Mipaka ya majimbo haikuguswa tangu 1871, hivyo mfanyakazi wa Berlin kura yake ilikuwa nyepesi kuliko ya mtu wa shamba la Prussia mashariki. Duru ya pili vyama vya matajiri vikaungana dhidi ya SPD. Wanawake hawakupiga kabisa. Kwa hiyo sisemi Wajerumani wote ni wamoja. Nasema walijua, wakagawanyika, na upande wa bunduki ukashinda.

Sasa rudini Songea. Mapema mwaka 1906, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa. Baada ya hapo maghala yakachomwa, mashamba yakachomwa, njaa ikamaliza walioikwepa risasi. Uchaguzi ule ulifanyika miezi 11 hivi tu baada ya kunyongwa kwake! Halafu mtoto wa shule anafundishwa kwamba baada ya vita alikuja Dernburg, mkuu wa makoloni kule Berlin, na mageuzi mazuri, bila kuambiwa kwamba Dernburg huyohuyo ndiye aliyezunguka Ujerumani akiwanadia wapiga kura makoloni.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha. Fuvu la Nduna Songea familia yake bado inalitafuta.

Anayeshikilia kwamba hawakujua aje hapa ajibu: asilimia 85 ile ilikwenda kupigia kura nini?