Tupeane uzoefu: mipangilio ya antivairasi imefungwa na kompyuta ni yako mwenyewe

Mdau_Mwanga (Kigoma)

Wakuu habari za muda huu. Naomba tukusanye hapa visa vya kompyuta za nyumbani ambazo antivairasi yake imegoma kuguswa. Nazungumzia ile hali ya kufungua Windows Security (sehemu ya ulinzi ndani ya Windows) na kukuta swichi ya ulinzi imefifia, ukibofya haisogei, na chini yake kuna maandishi mekundu yanayosema mpangilio huu unasimamiwa na msimamizi wako. Msimamizi gani, wakati mashine iko sebuleni kwako?

Majirani wameniletea laptopu kadhaa za namna hii, na wote huuliza nafungua vipi. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: kwanza tujue nani kafunga. Kufuli ya mwenye nyumba na kufuli aliyoweka mwizi hazifunguliwi kwa njia moja.

Naanza na laptopu ya kijana wa jirani, mwanachuo aliyekuja likizo kwa treni kutoka Dar. Huko chuoni fundi alimwekea Office ya bure pamoja na kile kiprogramu cha kuilazimisha ikubali bila leseni. Viprogramu hivi karibu vyote hukuomba uzime antivairasi kwanza, na hapo ndipo mlango unapoachwa wazi. Windows yake ni toleo la Home, kwa hiyo gpedit.msc (kifaa cha kuhariri sera za Windows) haimo. Nikaingia regedit (daftari la mipangilio ya ndani ya Windows), HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Microsoft, Windows Defender (antivairasi ya Windows yenyewe). Mle nikakuta DisableAntiSpyware ina 1, yaani amri ya kuzima, na kwenye folda ndogo ya Real-Time Protection kuna DisableRealtimeMonitoring nayo ina 1. Kompyuta ya nyumbani isiyosimamiwa na mtu haina sababu ya kuwa na mistari hiyo.

Nilihifadhi nakala ya hiyo sehemu kwa Export, nikafuta, nikawasha upya. Swichi ikarudi kufifia! Mjue hii ni dalili muhimu kuliko kufuli yenyewe: kuna kitu ndani kinaiandika tena kila mashine inapowaka. Nilikipata kwenye Task Scheduler (ratiba ya kazi ambazo Windows huziendesha yenyewe), kazi yenye jina linalofanana na la Windows kabisa, lakini faili inayoitwa iko ndani ya AppData ya mtumiaji (folda iliyofichwa ya data za programu). Nikaingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), nikafuta ile kazi, faili yake na ile mistari ya regedit. Ilipowaka kawaida, Defender ikaamka.

Hapo wengi huishia. Msiishie hapo. Fungua orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isivikague, wao wanaiita Exclusions. Ya huyu kijana ilikuwa na C:\ nzima. Swichi ingekuwa imewaka vizuri huku diski yote haikaguliwi, na yeye angelala akijua yuko salama. Nikaitoa, kisha nikaendesha Microsoft Defender Offline, ule ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijapanda. Huchukua kama dakika 15. Kwa umeme wetu, hakikisha betri imejaa kabla ya kuanza.

Karibuni wengine.

Mha_wa_Kasulu

Asante mkuu. Kisa changu hakina vairasi hata kimoja.

Nilinunua laptopu kwenye mnada wa vifaa vilivyotumika vya shirika moja huku kwetu. Mashine nzuri, bei ya kuridhisha. Ila Windows Security ilisema baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika lako. Nikaenda Settings, Accounts, sehemu ya akaunti za kazi au shule, nikakuta bado kuna akaunti ya ofisi imeunganishwa. Nikaitenganisha. Mambo mengi yakafunguka, lakini si yote, nikaona bora nipige Windows upya kabisa.

Nilipofika hatua ya kuunganisha intaneti, skrini ikanikaribisha kwa jina la lile shirika na kudai barua pepe ya mfanyakazi wao. Diski ilikuwa tupu! Fundi wa mjini akaniambia ni vairasi ya kwenye BIOS (programu ya ndani inayowasha mashine kabla ya Windows), anataka pesa aiondoe. Nashukuru sikumpa. Kumbe mashine za ofisi huandikishwa kwa Microsoft kwa utambulisho wa vifaa vyake vya ndani, huduma inaitwa Autopilot. Hata uifute mara ngapi, ikigusa mtandao wakati wa kuanza inaulizwa wewe ni wa nani, nayo inajibu.

Dawa ilikuwa kurudi kwa waliouza, nikiwa na risiti ya mnada na namba ya mashine iliyoandikwa chini ya laptopu. Mtu wao wa TEHAMA akaitoa kwenye orodha yao. Nikapiga Windows tena, ikapanda safi na kufuli zote zikawa hazipo.

Wanaonunua mashine za mashirika huku Kasulu na Kibondo, naomba mlisikie hili: kabla hujatoa hela, omba iwashwe ikiwa imefutwa na ikiwa na intaneti. Ikitaja jina la ofisi, waiondoe kwanza ndipo ulipe.

Mdau_Mwanga (Kigoma)

Mkuu, hii ya Autopilot ni ya dhahabu. Na nasisitiza: kuna watu wanauza njia za kuikwepa. Hata ukiikwepa, siku ukipiga Windows tena inaweza kukurudia, na mashine bado inasomeka kuwa mali ya watu. Risiti yako ndiyo ufunguo.

Mama_Ipuli (Tabora)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi natoka upande mwingine. Kufuli ya kwetu nimeiweka mwenyewe na siitoi.

Kompyuta ni moja, watoto ni wengi, na wanaleta flashi kutoka kila steshenari ya mjini. Mnazijua zile flashi: ukifungua unakuta mafaili yote yamegeuka shotikati. Kwa hiyo akaunti ya watoto nimeifanya ya mtumiaji wa kawaida, ya msimamizi ninayo mimi na nywila yake haijui mtu. Mtoto akitaka kuzima antivairasi ili aweke gemu, inamuuliza nywila, anakwama, anakuja kwangu. Tunaongea.

Mkubwa wangu alilalamika kuwa kompyuta imeharibika, mipangilio haifunguki. Haijaharibika. Ndivyo inavyotakiwa kufanya kazi. Wazazi wenzangu, kabla hamjamlipa fundi afungue, angalieni kwanza mmeingia kwa akaunti ipi.

Steshenari_Ujiji

Mama, umenena. Sisi wa steshenari tunazijua flashi hizo kuliko mtu yeyote.

Ya kwangu ni fupi. Kompyuta ya nyumbani niliinunua kwa mtu, ina antivairasi ya kulipia ambayo leseni imekwisha, na mipangilio yake imefungwa kwa nywila aliyoweka fundi wa yule mtu. Kuifuta kwenye Control Panel, inadai nywila. Defender nayo imelala, kwa sababu Windows ikiona kuna antivairasi nyingine imeandikishwa, Defender hujipisha yenyewe. Matokeo yake walinzi wawili, hakuna anayelinda.

Kampuni nyingi za antivairasi zina programu yao ya kufutia, bure, kwenye tovuti yao wenyewe. Niliipakua kwenye mashine ya dukani, nikaiendesha ndani ya Safe Mode, ikafuta bila kuuliza nywila. Nilipowasha upya Defender iliamka yenyewe bila kuguswa. Pakueni kwa mwenye programu tu, msichukue kwenye makundi ya Telegram.

Fundi_Isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Naongeza kwa Mdau_Mwanga.

Video nyingi zinafundisha kufuta DisableAntiSpyware tu. Tangu sasisho la Agosti 2020, Defender kwenye kompyuta za kawaida inaupuuza mstari huo. Ukiukuta ufute, ila usitegemee kuwa ndio uliofunga. Wanaoharibu siku hizi hutumia mistari mingine na hasa hizo Exclusions, maana hazionekani kwa mtu asiyezitafuta. Mimi hufungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi na kuandika Get-MpPreference, nikasoma kilicho mbele ya ExclusionPath, ExclusionProcess na ExclusionExtension. Kisha Get-MpComputerStatus, naangalia RealTimeProtectionEnabled na IsTamperProtected zote zisome True. Hiyo ya pili ni Tamper Protection, kinga inayozuia programu nyingine kuchezea Defender. Kuna wanaoizima kwa kudhani ndiyo kufuli yenyewe. Iacheni iwake.

Ukitaka kujua kama ulinzi umerudi kweli, kuna maandishi ya majaribio ya EICAR, herufi 68 tu, hayana madhara. Yahifadhi kama faili ya .txt. Antivairasi iliyo hai inapaswa kuyakamata. Ikinyamaza, bado hujamaliza.

Mtu_wa_Urambo

Fundi, swali. Huku kwangu mtandao ni wa kuvizia na bando ni ghali. Nimefungua kufuli kama mlivyoeleza, lakini Defender inasema taarifa zake za vairasi zimepitwa na wakati. Nafanyaje bila kuileta mashine mjini?

Fundi_Isevya (Tabora)

Huna haja ya kuileta kaka. Mtume mtu mwenye flashi aende penye intaneti nzuri, afungue tovuti ya Microsoft ya masasisho ya Defender, apakue faili inayoitwa mpam-fe.exe. Achague ya 64-bit kama Windows yako ni ya 64-bit. Ni faili kubwa, asijaribu kwa bando dogo la simu. Flashi ikifika, ikague kwanza, kisha bofya faili mara mbili. Haitaonyesha dirisha lolote, usidhani imegoma. Subiri kidogo, fungua Windows Security na usome tarehe ya toleo. Ikibadilika, endesha ukaguzi kamili usiku huo ukiwa umechomeka chaja.