Nataka kuwa fundi wa kompyuta hapa Lamu, nianzie wapi?

kijana_wa_Langoni
Asalam aleikum jamaa. Mimi nimemaliza fomu foo niko nyumbani tu, mamangu ashachoka kuniona na simu kutwa. Mambo ya kompyuta nayapenda sana, laptopu ya binamu yangu ilikwama nikaipiga Windows upya kwa flashi ikakubali, basi tangu hapo mtaa mzima waniita fundi na mimi najijua bado. Mjomba amesema atanisaidia karo lakini ataka jibu, nisomee nini na wapi. Je niende chuo nichukue diploma, ama nikae na fundi, ama hizi kozi za mtandaoni zatosha? Na kazi yenyewe Lamu iko kweli ama mwisho ni kuhamia Mombasa?

fundi_wa_gatini
Waaleikum salaam mdogo wangu. Kazi iko, asikudanganye mtu. Watu huku wanatumia laptopu za mtumba, hizi wauzaji waziita ex-UK, zikifika hapa zishakula miaka yake ulaya alafu zakutana na bahari yetu. Hewa hii ya chumvi haina huruma, ukifungua mashini iliyokaa dirisha la kuelekea maji utakuta meno ya RAM, ile kadi ya kumbukumbu ya mashini, yana kutu ya kijani na feni imeganda vumbi lenye unyevu. Hapo ongeza stima, ikikatika si neno, shida ni vile inavyorudi kwa kishindo, chaja na pawasaplai ndo zinakufa. Mimi nala kwa hayo mawili zaidi ya kitu chochote, kufomati kila mtu siku hizi anajua, hata watoto.

Sasa sikiza, ufundi ni kujua kosa liko wapi kabla hujauza kipuri. Mtu amekuletea laptopu haiwaki kabisa, usikimbilie kusema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua. Anza na chaja, ipime kwa mita, za HP nyingi zatakiwa zitoe volti 19.5, ukipata 7 ama sifuri ushamaliza kesi na hujafungua hata skurubu moja. Chaja ikiwa nzima toa betri, chomoa kila kitu, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu. Bado? Fungua, toa RAM, safisha meno yake kwa spiriti ile kali ya 99 si ile ya hospitali ya 70 ina maji mengi, acha ikauke, rudisha moja moja. Wallahi ngapi zimewaka hapo na mwenyewe alishaambiwa kwengine anunue nyingine.

Vifaa usinunue boksi zima la mapambo. Bisibisi nzuri za ncha ndogo, mita, brashi, spiriti, pesti ya kupaka prosesa isipate joto, na flashi mbili. Vipuri vyatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe kisha boti, kwa hivyo mwambie mteja ukweli kuhusu siku, usimwambie kesho.

IT_Malindi
Fundi hapo juu nakubaliana naye kwa kazi ya mezani lakini sikubaliani naye kwa vile ameyaacha makaratasi kabisa. Mimi niko Malindi nafanya kazi ya IT hotelini, siku ya intavyuu hakuna aliyeniuliza kama najua kusafisha RAM, waliuliza cheti. Skuli, hospitali, afisi za kaunti, mashirika, wote ni hivyo hivyo. Kwa hivyo kijana, kama gredi zako zaruhusu ingia KUCCPS, wale wa serikali wanaopangia wanafunzi vyuo, uombe TVET yaani vyuo vya ufundi, diploma ama cetifiketi, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanakopesha wanafunzi wa TVET pia, mjomba asibebe mzigo wote peke yake. Kama gredi si nzuri basi vyuo vya ufundi vya kaunti viko.

Kuna cheti cha kimataifa cha ufundi wa kompyuta kinaitwa CompTIA A+, ni mitihani miwili, mmoja umeegemea vifaa na netiweki mwengine umeegemea mifumo ya uendeshaji na usalama, kila mmoja hauzidi maswali 90 na ukipita chadumu miaka 3 ndo ukirenyu. Malipo ni ya dola kwa hivyo usikimbilie mwaka wa kwanza, lakini kusoma ni bure, video za Professor Messer ziko YouTube zote, angalia hata kama hutaufanya huo mtihani. Cisco nao wana kozi za bure kwa Networking Academy. Netiweki usiidharau, mahoteli na nyumba za wageni hapa pwani kila siku kilio ni waifai haifiki vyumba vya nyuma, kuta za mawe ni nene, na hiyo ndo kazi yenye pesa kuliko laptopu.

mama_saiba
Mwanangu hawa wamekupa ufundi, mimi nitakupa upande wa watu maana nina saiba, duka la intaneti, na nimewaona mafundi wengi wakija wakienda. Kabla hujagusa mashini ya mtu muulize ndani kuna nini, desktopu, dokumenti, picha, unakili pembeni ndo ufomati, na sio umuulize baadae. Picha za mtu usizifungue, mji wetu ni mdogo, neno likitoka Mkomani linakutangulia Shela. Isitoshe kuna sheria ya kulinda data ya 2019, sio adabu tu. Alafu bei isemwe mwanzo na iandikwe, na mashini ipewe karatasi yenye jina na kosa lililoletwa nalo, la sivyo utaambiwa hii ilikuwa na betri mpya. Na udugu ule wa "nitakulipa mwisho wa mwezi"... utaujua mwenyewe.

kijana_wa_Langoni
Shukran sana wote, mama ahsante. Swali jengine, watu wengi waniletea nao wataka Windows 11 maana wamesikia 10 imekwisha, na nyingine zakataa kabisa. Nifanyeje?

fundi_wa_gatini
Ni kweli, Microsoft walisimamisha sapoti ya kawaida ya 10 tarehe 14 Oktoba 2025. 11 yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa Intel kuanzia kizazi cha 8. Tazama namba ya prosesa, i5-6300U hiyo 6 ndo kizazi, yakataa, i5-8350U yaingia. Ndo maana hizi laptopu za HP EliteBook 840 G3 zilizojaa mjini zinagoma na G5 nyingi hazigomi. Njia za kuilazimisha ziko, lakini mwambie mwenyewe wazi kwamba Microsoft hawaitambui na masasisho yanaweza kukatika, achague yeye. Nyingine za zamani mtilie SSD, diski ya kasi, na Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, aendelee kuandika barua zake.

IT_Malindi
Na MacBook, zile laptopu za Apple, wasikuletee bado 😂

fundi_wa_gatini
😂😂 hizo ziache kwanza. Kijana njoo inboksi nikuelekeze dukani, njoo Jumamosi baada ya alasiri, kuna desktopu za skuli zimepandishwa punda kutoka gatini asubuhi ya leo zote zaonyesha tarehe za zamani, utaanza na kubadilisha betri za CR2032, zile ndogo za duara zinazoshikilia saa ya mashini.