Mvivu wa kitabuni kavaa kofia yangu!!

Ustadh_Kahawa: Nimetoka darasani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua nyote, yule aliyechora kile kitabu cha kuwasomeshea wageni Kiswahili. Chenye mnazi na dau juu ya jalada. Huyo huyo.

Tuko kwenye sifa za watu. Mrefu, mfupi, mwerevu. Tunafunua: MVIVU. Mzee kajilaza barazani, kanzu, kofia ya viua, kikombe cha kahawa juu ya kitambi. Mwanafunzi wangu, Mjerumani, mpole kama maji ya mtungini, akatazama picha. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye picha. "Mwalimu, ni wewe!"

Kofia ile ile jamani! Mke wangu kaishona kwa mkono miezi mitatu, kiua kwa kiua, nije kuitwa mvivu na mtu wa wiki ya pili!

Daktari kapewa tai. Mhandisi tai. Mwerevu miwani na tai, kwa joto hili la Unguja! Buibui liko ukurasa wa sokoni tu, linanunua tungule, hata sura halina. Na Kiunguja chetu cha mjini ndicho kilichochaguliwa Mombasa 1928 kiwe Kiswahili sanifu. Lugha wamechukua, mwenyewe wamemlaza barazani.

Ile shingo ilivyogeuka, kama feni. Picha, mimi, picha.

Kijana_wa_Malindi: Sheikh, swali moja tu. Wewe wakati huo ulikuwa umekaa au umelala?

Ustadh_Kahawa: Nilikuwa nimeegemea! Kuegemea si kulala!

Kijana_wa_Malindi: 😂😂 Mchoraji hana kosa.

Mkarafuu_Sipandi: Shukuruni nyie mna baraza. Sisi Wapemba kila kitabu tuko juu ya mkarafuu na pakacha. Mimi mhasibu, nikipanda ngazi tu naona kizunguzungu.

Bi_Mwani: Na mwanamke wa shamba je? Kwenye mwani kainama, jikoni kainama, anafagia kainama. Hatuna migongo?

Kijana_wa_Malindi: Kofia miezi mitatu unalalamika? Fundi wangu wa kanzu Darajani ana mwezi wa tano. Idi zote mbili zimenipita na fulana.

Bi_Mwani: Yule wa "njoo kesho baada ya alasiri"? Ana kitambaa changu tangu harusi ya mdogo wangu. Mdogo wangu sasa ana mtoto!

Ustadh_Kahawa: Jamani, tulikuwa kwenye picha...

Mkarafuu_Sipandi: Ustadh, mkeo anapokea oda? Kichwa changu 22 na nusu.