Nati za pikipiki zinalegea kila mara: gundi ya bluu, nyekundu au kijani? Naombeni ushauri

Cheni Kavu

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Nina pikipiki ya silinda moja. Ukiiwasha hata meno ya dereva yanagongana. Kila baada ya siku nne tano lazima niizunguke na spana: nati za keria, bolti mbili zinazoshika injini kwa mbele, bolti za spoketi ya nyuma. Springi wosha nimejaza kila mahali, hazijasaidia kitu.

Jamaa mmoja akaniambia dawa ni gundi ya nati. Nikanunua nyekundu kwa kuwa nilisikia ndiyo kiboko yao. Nikapaka kila chenye meno, mpaka viskrubu viwili vya mil 4 vya kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani. Juzi nataka kuongeza mafuta, kimoja kimetoka kwa mbinde, cha pili kichwa kimesagika, bisibisi inacheza tu.

Sasa nauliza. Hizi rangi zina maana gani hasa, na ipi iende wapi? Halafu chupa yenyewe nilipoifungua niliikuta nusu. Nimepigwa? Na hicho kiskrubu nakitoaje bila kuua kikopo?

Nawasilisha.

Grisi Mkononi

Nyekundu kwenye skrubu ya mil 4! Mkuu, umefunga banda la kuku kwa kufuli la benki. Ngoja waje wenyewe, mimi nimekaa pembeni najifunza.

Mzee wa Spana

Cheni Kavu, nianze na chupa maana naona inakuuma. Hujapigwa. Gundi hii haikauki kwa hewa kama rangi. Ni kinyume chake: hewa ndiyo inaizuia isigande. Inaganda pale inapokosa oksijeni na wakati huohuo inagusana na chuma, yaani ndani ya ule upenyo mwembamba kati ya meno ya bolti na meno ya nati. Ndiyo maana chupa haijazwi. Ile nafasi uliyoiona ni ya hewa, na hata plastiki ya chupa ni ya aina inayopitisha hewa kidogo kidogo. Wangeijaza mpaka mdomoni, ingeweza kugeuka jiwe humohumo.

Aliyeifanya iwe gundi ya kufungia nati ni Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Trinity College kule Hartford, Marekani, mwaka 1953. Jina la Loctite limetoka hapo, na leo watu wanaita kila gundi ya nati hivyo hata kama imetoka kiwanda kingine.

Rangi sasa. Kwa viwanda vingi zambarau ni ya nguvu ndogo, kwa skrubu ndogo chini ya mil 6 ambazo siku moja utazifungua kwa bisibisi. Kwa Loctite ni namba 222. Bluu ni ya nguvu ya kati, kwa bolti za mil 6 mpaka 20 hivi, na inafunguka kwa spana za kawaida bila moto. Hiyo ni 242 au 243. Nyekundu, kama 271, ni ya kitu ambacho hukusudii kukifungua: stadi (bolti isiyo na kichwa, yenye meno ncha zote mbili), au bolti kubwa ndani ya mashine. Kuifungua kunataka moto.

Lakini rangi ni desturi tu, hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda. Soma namba na karatasi yake. Mfano mzuri ni kijani. Loctite 290 ni ya kijani, nyepesi kama maji, inadondoshwa kwenye bolti iliyokwisha kukazwa ikajipenyeza yenyewe. Loctite 638 nayo ni ya kijani, ila hiyo ni ya kugandishia beringi na bushi kwenye shafti. Ukiomba "ile ya kijani" unaweza kurudi na kitu kingine kabisa.

Kumi na Nne

Niongezee hapo kwenye nyekundu, maana kuna uongo unaozunguka sana gereji kwamba nyekundu ndiyo inayovumilia joto kuliko bluu. Nguvu na joto ni mambo mawili. 243 ya bluu imeandikwa nyuzi 180 za selsiasi, 271 nyekundu imeandikwa 150. Ukitaka nyekundu ya joto kali ipo 272, inafika kama 230. Kwa bolti za ekzosi pale karibu na silinda usihangaike na gundi ya chupa, itaungua tu. Pale weka nati za kujifunga zilizo chuma kitupu. Zile zenye pete ya nailoni nazo huishia kama nyuzi 120.

Mtoto wa Gereji

Mnajaza watu hofu bure. Mimi miaka yote natumia supagluu. Nikikosa napaka rangi ya kucha. Sijawahi kupoteza nati.

Mzee wa Spana

Mtoto wa Gereji, rangi ya kucha juu ya kichwa cha skrubu ndogo siipingi, inashika kidogo na inakuonyesha kama skrubu imesogea. Supagluu ndiyo siikubali. Ikikauka inakuwa kavu kama kioo, mtetemo unaivunja vipande, na mara nyingi inashika kabla hujamaliza kukaza. Unadhani bolti imefika, kumbe imekwama njiani.

Bisibisi Nyota

Nije kwenye kiskrubu, kwa sababu mafuta ya breki hayasubiri.

Kwanza usilete moto wa gesi pale. Kuna mpira ndani ya kifuniko, kuna mafuta yanayoshika moto, na rangi itaharibika. Chukua kifaa cha solda chenye ncha nene, kiegemeze juu ya kichwa cha skrubu na ukiache dakika kadhaa. Nyekundu hulegea ikifika karibu nyuzi 250. Kikopo ni cha alumini, kinanyonya joto kwa kasi, kwa hiyo ncha nyembamba kama sindano haitafika popote. Jaribu kufungua joto likiwa bado lipo. Ukisubiri ipoe, umerudi ulikoanza.

Kama kichwa kimeshakwisha kabisa, toboa kwa keekee, ncha ya upana wa shingo ya skrubu, mpaka kichwa kitoke. Kifuniko kibaki mahali pake wakati unatoboa, la sivyo vumbi la chuma linaingia kwenye mafuta. Futa vizuri, inua kifuniko, na hapo kisiki kimebaki kimesimama juu. Kipashe moto tena kwa solda, kibane kwa plaizi ya kujifunga, zungusha taratibu.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kama pikipiki ni ya Kijapani, yale matundu ya msalaba siyo sawasawa na ya bisibisi nyota ya kawaida. Yana kipimo chake, JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Kijapani. Yanafanana machoni, ila nyota ya kawaida haikai mpaka chini, inapanda na kula kichwa. Nusu ya skrubu zinazosagika kwenye pikipiki zinakufa kwa bisibisi, gundi inasingiziwa.

Skrubu mpya ukizipata usiweke gundi yoyote. Pale hapahitaji.

Kumi na Nne

Naona tunajadili gundi wakati swali la msingi hatujaliuliza. Mkuu, hizo bolti za injini ulizikaza kwa kiasi gani?

Bolti haifunguki kwa sababu inatetema tu. Inafunguka pale vitu viwili ilivyovibana vinapoteleza kimoja juu ya kingine, kushoto kulia, kushoto kulia. Kila mteleza unaipa bolti nafasi ya kujizungusha kidogo. Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hili mwaka 1969, na mashine ya kupimia nati za kufunga mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwenye kipimo hicho springi wosha zetu hizi za mkato mmoja hufanya vibaya. Bolti ikishakazwa sawasawa springi inalala bapa, inabaki wosha ya kawaida. Ndiyo maana umezijaza na hujaona tofauti.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mkazo wenyewe. Bolti iliyokazwa ipasavyo inavibana vyuma mpaka visiteleze. Tafuta kitabu cha pikipiki yako, angalia nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) walizoandika, kaza kwa spana ya kupimia. Kama bolti za injini zinalegea kila wiki, mimi ningeshuku tundu limepanuka likawa yai, au bushi imekufa. Hapo hata ukimimina chupa nzima ya nyekundu ni bure.

Cheni Kavu

Dah. Nilikaza kwa mkono mpaka uso ukaiva, nikadhani inatosha. Spana ya kupimia nitaazima.

Swali la nyongeza: kitabu kinapotaja kiasi cha kukaza, ni bolti kavu au yenye gundi?

Kumi na Nne

Swali zuri. Gundi ikiwa bado majimaji inalainisha meno, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya mkono bolti inavutika zaidi kuliko ikiwa kavu. Kitabu kikisema "weka gundi ya nati" mahali fulani, namba yake imeshahesabu hilo. Kikiwa hakijasema, usizidishe hata robo mzunguko "kwa usalama". Bolti ndogo kwenye alumini zinang'oka meno kwa staili hiyo.

Grisi Mkononi

Nami nichomekee. Kwenye plastiki je? Vioo vyangu vya pembeni na vifuniko vya ubavuni vinatetema balaa.

Bisibisi Nyota

Weka mbali. Plastiki haina chuma cha kuiamsha gundi, kwa hiyo inabaki majimaji, na yale majimaji yanazipasua baadhi ya plastiki ngumu. Utaona nyufa nyembamba kuzunguka tundu baada ya siku chache. Kwa vifuniko tumia wosha ya mpira. Kioo kama kinaingia kwenye chuma, tone la bluu kwenye meno, futa ziada kabla haijafika kwenye plastiki.

Mzee wa Spana

Nimalizie jinsi ya kupaka, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Safisha. Meno ya bolti na ya tundu yote mawili, kwa brashi ya waya kutoa gundi ya zamani, kisha asetoni au dawa ya kusafishia breki. Petroli inaacha mafuta yake, usiitumie kumalizia. 243 inavumilia mabaki ya mafuta vizuri kuliko 242, ila isiwe sababu ya uvivu.

Kama bolti inapita ikatokea upande wa pili, weka tone pale nati itakapokaa, siyo bolti nzima. Kama tundu ni kipofu, yaani halitokei upande wa pili, dondoshea ndani ya tundu. Ukipaka bolti peke yake, hewa iliyonaswa chini inasukuma gundi yote nje unapoizungushia.

Halafu subiri. Kwenye chuma cha kawaida inashika ndani ya dakika kumi hadi ishirini, lakini nguvu kamili ni saa 24. Baridi inaichelewesha. Stenlesi na bolti zilizopakwa zinki zinaichelewesha zaidi, kwa hizo kuna dawa ya kupuliza kwanza. Shaba ndiyo inaiharakisha. Watu wengi wanapaka, wanakaza, wanawasha pikipiki palepale, jioni wanasema gundi ni feki.

Kwa orodha yako: keria weka nati za nailoni, unaifungua mara kwa mara na haina joto. Spoketi, kama ni bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu (kitovu cha gurudumu), bluu na mkazo wa kitabu. Kama ni stadi, stadi yenyewe kwenye alumini nyekundu inafaa, nati yake isiguswe na nyekundu. Nati na bolti za gurudumu usipake chochote ambacho kitabu hakijakitaja. Za kalipa ya breki fuata kitabu neno kwa neno, baadhi huja na gundi yake kutoka kiwandani na hutakiwa kubadilishwa zikifunguliwa.

Cheni Kavu

Mrejesho wakuu. Kiskrubu kimetoka! Solda dakika tano hivi, nikaibana ile bisibisi ya JIS niliyoazima, kikalia "tak" kikazunguka. Sikuhitaji hata kutoboa.

Bolti za injini, Kumi na Nne ulinipiga mle mle. Tundu moja la kibao cha mbele limekuwa yai kweli. Kibao kipya nakifuatilia. Spoketi nimeshaifunga kwa bluu tangu jana mchana, sijaiwasha mpaka saa 24 zitimie.

La mwisho: nilimimina bluu nyingi kwenye kisosi, imebaki karibu robo. Naweza kuirudisha kwenye chupa?

Mzee wa Spana

Usirudishe! Imeshagusana na vumbi la chuma, ukiirudisha inaweza kugandisha chupa nzima. Mwaga. Na mdomo wa chupa usigusishe kwenye bolti kwa sababu hiyohiyo, dondosha kwa mbali.

Cheni Kavu

Nimeshagusisha mara kumi na kitu.

Mzee wa Spana

Basi tafuta bolti nyingine za kufunga wiki hii.