Binti kamaliza form four: ufundi magari, umeme wa majumbani au ushonaji?

BabaWawili: Wakuu habari za jioni. Binti yangu kamaliza form four, kashikilia anataka ufundi magari, mama yake hataki kusikia anasema ushonaji, mimi nimeona nipite katikati nimpeleke umeme wa majumbani. Fomu narudisha ijumaa. Kipi kina hela na kinamfaa mtoto wa kike? Matusi hapana.

KasukuMweupe: Mkuu umeficha nusu. Mkoa gani? Fizikia kapata ngapi? Kutwa au bweni?

FundiSpana: Na kwanini magari, umemuuliza?

BabaWawili: Samahani. Morogoro, fizikia D, kutwa. Likizo anashinda gereji kwa mjomba wake. Kabureta ya pikipiki yangu aliifungua akairudisha ikawaka, skrubu moja ilibaki mkononi ila natembelea mpaka leo 😂

SaidiWaringi: Umeme, sibishani. Chuo cha ufundi VETA Kihonda si hapo hapo kwenu, ada ya kutwa 60,000 kwa mwaka. Baadae akikata leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, anasaini kazi mwenyewe. Halafu mchana majumbani unawakuta kina mama, fundi wa kike anaingia mpaka chumbani hamna anayemchungulia.

KasukuMweupe: 60,000 ni ada tu, subiri aletewe karatasi ya ovaroli, buti na vifaa.

MamaOvaroli: Mimi nimesoma hiyo ufundi magari, darasani tulikua wasichana wawili. Chuo hakina shida, shida field, yale mazoezi ya kazini. Gereji niliyopelekwa, sitaji jina, wiki tatu nzima kazi yangu kuchemsha chai na kuosha vyuma kwa dizeli, gereji nzima wananiita shemeji, choo kimoja hakina komeo mpaka ushikilie mlango kwa mguu. Siku ikaja Fuso, nati za tairi la nyuma zimeshika kutu, vijana wawili wamehangaika wameshindwa, nikachomeka bomba kwenye spana nikapanda juu na miguu yote miwili ikalia kwaa! Wakashangilia weee. Kesho yake nafika, dada chai bado? Na logbuku, daftari la kazi za field, fundi mkuu akanijazia "usafi". Niliondoka wiki ya tano, field nikairudia mwaka uliofuata gereji nyingine, huko sawa na mpaka leo nipo kwenye fani. Baba kabla ya kozi kaangalie field ataenda wapi, na choo ukijaribu mlango mwenyewe.

JembeLaKale: Pole dada ila ndo tunasemaga zipo kazi za kiume. Mke wa mtu yuko chini ya gari saa ngapi atapika?

NesiDume: Kwa hiyo mkuu na mimi niache unesi? Mwaka wa kwanza nyumbani waliwaambia majirani nasomea udaktari. Kuna bibi wodi ya wazazi alikataa nisimsogelee mkwe wake, saa nane usiku uchungu umekolea kaja mwenyewe mbio, "mwanangu njoo".

KasukuMweupe: Na huo ushonaji mnaouita wa kike nendeni Kariakoo mkahesabu waliokaa kwenye vyerehani, wanaume watupu. Chipsi nani anakaanga?

JembeLaKale: Chipsi sio kupika.

SaidiWaringi: Ni nini sasa, kuchomelea? 😂😂

JembeLaKale: Kupika ni ugali na mboga. Chipsi ni biashara.

FundiSpana: Mnapotea jamani. BabaWawili, magari ya sasa hivi mengi shida ni waya na sensa, unapima kwa kompyuta kabla hujashika spana. Mwambie aulizie umeme wa magari. Nina kijana hapa misuli kama mbeba mizigo ila akiona waya tatu anatafuta sababu ya kwenda dukani.

SaidiWaringi: Bado majumbani kuna hela ya haraka.

FundiSpana: Haraka ndio, ila mpaka watu wajenge.

BabaWawili: Kumbe umeme wa magari nao upo peke yake? Mama yake kasoma uzi wote kanyamaza, baadae kauliza tu hiyo gereji ya mjomba choo chake kina komeo. Sijawahi kuangalia. Binti yeye anauliza gereji ya pili ya MamaOvaroli iko wapi.

MamaOvaroli: Njoo inboksi.

KasukuMweupe: Mkuu leo alhamisi lakini.